UZI: Kupoza PC kwa maji hapa Arusha. Bloki yangu ya kwanza haikuuawa na kuvuja, iliuawa na rejeta

#1 Mleta uzi (Arusha)

Wakuu, habari za jioni.

Miezi kadhaa iliyopita nilifungua skrubu nne za bloki ya prosesa (kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji), nikainua kifuniko, nikakuta ile mifereji myembamba ya shaba imejaa ute mweupe, mzito, kama uji wa muhogo uliolala. Niliupangusa kwa kidole, ukateleza. Chini yake nikeli ilikuwa imebanduka, shaba nyekundu inaonekana kwa mabaka. Hakuna tone lililokuwa limevuja hata siku moja. Mwaka mzima watu walinitisha kuhusu kuvuja, hakuna aliyenionya kuhusu hili. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Kazi yangu ni kuhariri video. Harusi, send-off, na msimu wa watalii nahariri za safari. Chumba kipo Sakina, dirisha moja, barabara ya vumbi mbele yake. PC niliiunda mwenyewe: prosesa Ryzen 7 5800X, kadi ya grafiksi RTX 3080 ya mtumba. Niliipata baada ya Septemba 2022, pale Ethereum ilipoachana na uchimbaji na kadi za wachimbaji zikamwagika sokoni. Ilikuwa kadi nzuri lakini iliyochoka kwa joto. Nikirenda (yaani kompyuta ikitengeneza video ya mwisho baada ya kuhariri) video ya dakika arobaini, kumbukumbu zake za GDDR6X zilikuwa zinagonga nyuzi 104. Zikifika 110 kadi inajipunguza kasi yenyewe. Na feni zilivyokuwa zinanguruma, kurekodi sauti ya msimulizi chumba hichohicho ilikuwa haiwezekani. Nilikuwa nasubiri usiku wa manane, nazima mashine, narekodi na simu.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo video za Wazungu haziligusi. Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya bahari. Feni inasukuma ujazo uleule wa hewa kama Dar, lakini hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hesabu ni kama asilimia 13 hadi 15 pungufu kwa joto lilelile. Maana yake feni inabeba joto pungufu kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Ubaridi wetu wa mwezi wa sita na wa saba unafidia. Mwezi wa pili haufidii.

Sasa tuelewane kitu kimoja kabla sijaendelea: maji hayatengenezi baridi. Maji yanahamisha joto tu, kutoka kwenye kijidude kidogo kama kucha kwenda kwenye rejeta pana, ambako feni zinaweza kuzunguka taratibu. Kilo moja ya maji inabeba joto mara nne zaidi ya kilo moja ya hewa kwa kila nyuzi, na kilo ya maji ni lita moja tu. Mfumo wenye joto la wati 450, maji yakipita lita tatu kwa dakika, yanapanda nyuzi mbili tu kutoka kuingia hadi kutoka. Kwa hiyo ule ubishi wa "kipi kitangulie, rejeta au prosesa" hauna uzito. Unganisha kwa njia fupi, mipira isijikunje.

Nitaendelea na rejeta iliyoniharibia. Karibuni.

#2 Mchangiaji

Nimeweka jamvi hapa mkuu, shusha nondo.

#3 Mchangiaji (Moshi)

Mkuu asante sana kwa uzi. Nipo Moshi, Rau. Huku tumeshuka, joto ni kali kuliko kwenu, mwezi wa pili chumba changu hakishuki nyuzi 30 hata usiku. Nina kadi kama yako. Swali langu: nikiweka chombo cha barafu kwenye mfumo, au nipitishe mpira ndani ya friji, si itapoa zaidi?

#4 Mleta uzi (Arusha)

Mkuu wa Moshi, usifanye hivyo. Mfumo wa kawaida maji yake hayawezi kushuka chini ya joto la chumba, na hiyo ndiyo salama yako. Ukiyashusha chini ya hapo kwa barafu, bloki na mipira inaanza kutoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Jasho hilo linadondokea kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Na friji ya nyumbani haikuundwa kuondoa wati mia nne mfululizo. Itazunguka bila kupumzika mpaka ichoke.

Kwa joto la Moshi, dawa ni kuongeza eneo la rejeta. Kipimo ambacho wengi tunakitumia ni nafasi moja ya feni ya milimita 120 kwa kila wati 100 hadi 150. Kadi yako inakula wati 320, prosesa kama yangu inafika 142. Mimi nina rejeta ya 360 juu na ya 240 mbele, jumla feni tano. Wewe ningekushauri 360 mbili kama kesi inaruhusu. Pima kesi kwa futi kabla ya kununua, usisahau unene: rejeta milimita 30 na feni 25, ni 55 hapo, na plagi za mazabodi upande wa juu zinapenda kugombana nazo.

Haya, rejeta yangu ya kwanza.

Nilitaka kubana matumizi. Nikaenda Unga Limited kwenye magereji, nikapata rejeta ndogo ya hita, ile inayokaa chini ya dashibodi, kutoka gari la Kijapani. Safi, haijatoboka, bei ya kutupa. Ilikuwa ya alumini. Bloki yangu ni shaba iliyopakwa nikeli. Nilijua kwamba ni metali mbili tofauti, sikujua kwamba ukiziweka kwenye maji mamoja umeunda betri. Alumini ndiyo inayoliwa. Inatoa ule ute mweupe, unasafiri na maji mpaka unapokuta mlango mwembamba kuliko yote, yaani mifereji ya bloki, unatuama hapo. Mwezi wa kwanza mambo safi. Wa pili joto la prosesa likapanda nyuzi tatu, nikadhani ni pesti, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na bloki. Nikabadilisha pesti. Wa tatu likapanda sita. Wa nne nikafungua, nikakuta uji.

Nilikosea tena nikaukwangua kwa brashi ya waya. Nikeli iliyobaki ikaondoka yote.

#5 Mchangiaji

Naomba kuuliza mkuu. Hizi za kununua zikiwa zimefungwa kabisa kiwandani mbona nyingi rejeta ni alumini na bloki ni shaba? Zinadumu miaka.

#6 Mleta uzi (Arusha)

Swali zuri sana, na mimi ndilo lililonipoteza. Zile zimefungwa kiwandani zikiwa na kimiminika chenye dawa ya kuzuia kutu kwa vipimo vyao, na hakuna anayezifungua kuongeza maji ya bomba. Hewa mpya haiingii. Dawa ikiisha nguvu nazo zinaanza kujaza ute uleule. Ndiyo maana zina umri. Sisi tunaofungua na kujaza wenyewe hatuna ulinzi huo. Shaba, shaba nyeupe (brasi) na nikeli zinaelewana vizuri vya kutosha. Alumini iache nje ya mzunguko.

#7 Mchangiaji (fundi rejeta)

Vijana, mimi kazi yangu ni rejeta, nimeanza nikiwa na miaka 17 na sasa nina wajukuu. Kompyuta siijui, lakini hili la metali mwenzenu amesema kweli.

Kutambua: sumaku haishiki alumini wala shaba, kwa hiyo sumaku haikusaidii. Kwaruza kwa ncha ya bisibisi mahali pa kujificha. Ikitoka nyeupe ni alumini, ikitoka ya njano au nyekundu ni shaba. Rejeta za alumini za siku hizi nyingi zina matangi ya plastiki yaliyobanwa. Land Rover za zamani na malori ya zamani zilikuja na shaba, tunazichoma kwa risasi ya kuchomea. Hizo za alumini ukileta kwa fundi wa risasi atakurudishia tu.

Jambo la pili. Rejeta yoyote iliyochomewa, hata mpya ya dukani, ndani inabaki na dawa ya kuchomea. Ile dawa ni kali. Msipoitoa itakula kazi yenu.

#8 Mleta uzi (Arusha)

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa kuingia. Hilo la dawa ya kuchomea ni kweli tupu. Rejeta mpya ya shaba niliyoagiza Nairobi, ikapita Namanga, niliijaza maji ya moto nusu, nikaziba, nikaitikisa kwa dakika tano. Maji ya kwanza yalitoka na vipande vyeusi na rangi ya kijani hafifu. Nilirudia mara saba mpaka yakatoka safi kwenye bakuli jeupe. Mara mbili za mwisho nilitumia maji yaliyotoneshwa, ili chumvi za bomba zisibaki ndani.

#9 Mchangiaji (fundi rejeta)

Marahaba mwanangu. Mara saba umefanya vizuri.

#10 Mleta uzi (Arusha)

Sasa maji yenyewe. Hapa naomba msome polepole.

Maji ya bomba ya Arusha hayafai. Sote tunajua floridi ya maji yanayoshuka Mlima Meru inavyofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kwa mfumo wa kupoza, floridi ni sehemu tu ya tatizo. Kila chumvi iliyoyeyuka ndani inayafanya maji yapitishe umeme na yaharakishe ile betri niliyoisema. Kuchemsha hakuondoi chumvi wala floridi. Mvuke unaondoka, chumvi inabaki, unapata maji makali zaidi ya mwanzo. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini, soma lebo yake. Mvua ya kwenye bati inashuka na vumbi, zinki na kinyesi cha ndege.

Kinachofaa ni maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri za gari. Lakini hapa pana hatari. Baadhi ya maduka wakisikia "maji ya betri" wanakupa asidi, kwa sababu kwao vyote viwili vinaitwa hivyo, na chupa zinafanana. Muuzaji mmoja alinipa chupa isiyo na lebo, akasema ndiyo hiyo. Nyumbani nikamimina kijiko kimoja kwenye kisosi chenye chembe za magadi. Ikachemka povu kama soda iliyotikiswa. Ilikuwa asidi. Ningeimimina kwenye mfumo ningepoteza kila kitu. Maji safi kwenye magadi yanayeyusha tu kimya kimya. Fanyeni hivyo kila mara, kisosi cha kioo au udongo, mbali na uso. Chupa iliyofaulu hapo niliipima tena kwa kalamu ya TDS, ya kupimia chumvi zilizoyeyuka, wauza vichujio vya maji wanazo. Ilisoma 2. Ya bomba langu ilisoma zaidi ya 300.

Maji matupu hayatoshi kwa muda mrefu, mwani wa kijani unaota, hasa tangi likikaa mkabala na dirisha. Mimi naweka dawa ya kuzuia kutu na vijidudu iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, chupa ndogo ya kuchanganya. Kulanti ya gari yenye glikoli inafanya kazi hiyo pia, lakini ni sumu na ina ladha tamu. Nina mtoto wa miaka mitatu na mbwa, sikutaka iwepo ndani.

Tangi la akriliki usilipanguse na spiriti. Linapata nyufa nyembamba kama nywele, halafu siku moja linaachia. Maji na sabuni vinatosha.

#11 Mchangiaji

Mkuu mbona gharama? Feni kubwa ya minara miwili kwenye prosesa, bila maji, haitoshi? Nauliza kwa nia njema, nina laki mbili tu.

#12 Mleta uzi (Arusha)

Ndugu yangu, kwa laki mbili nunua feni kubwa ya mnara na ulale usingizi. Nasema kutoka moyoni. Kwangu jumla ilikaribia milioni moja na laki tatu, bila kuhesabu bloki iliyokufa. Na prosesa yenyewe haikufaidika sana: ilitoka nyuzi 88 ikaja 77. Chipu ya 5800X ni ndogo, joto lote limerundikana mahali padogo, linachelewa kutoka hata maji yawe mengi vipi. Faida kubwa ni kwenye kadi. Ilitoka 79 ikaja 53, kumbukumbu zikatoka 104 zikaja 76 baada ya kubadilisha pedi za kupitishia joto. Na chumba kipo kimya. Kama hurendi video wala hurekodi sauti, na kadi yako inakula wati 150, hela hiyo weka kwenye SSD na UPS.

Mahali unapoweza kuokoa hela bila kuumia: thredi. Viunganishi vya kompyuta vinatumia G1/4, na hiyo ni ileile robo inchi ya BSP ya mafundi bomba wetu na ya kompresa za kupaka rangi. Koki ya kumwagia maji chini ya mfumo wangu ni ya kompresa, shaba nyeupe, nimeinunua duka la vifaa karibu na Soko la Kilombero kwa bei ya chakula cha mchana. Angalia jambo moja tu. Viunganishi vingi vya kompresa vimechongoka, thredi inazidi kunenepa kadiri inavyoingia, na vinaziba kwa tepu. Vya kompyuta vimenyooka na vinaziba kwa oringi, ile pete ya mpira. Ukikaza kilichochongoka kwenye akriliki kinaipasua kama kabari kwenye gogo. Kitumie kwenye shaba peke yake, au tafuta kilichonyooka.

Mpira: ule wa kioo wa mafundi ujenzi, wa levo, unavutia lakini unatoa mafuta ya plastiki, unafifia, na mabaki yanakwenda kutuama palepale kwenye bloki. Chukua mweusi wa raba ya EPDM. Haupendezi. Haujanisumbua.

#13 Mchangiaji (Moshi)

Mkuu nimenunua vitu vyote, nimefunga, sijajaza. Naogopa. Nielekeze hatua ya kujaza, mke wangu ananiangalia.

#14 Mleta uzi (Arusha)

Usiogope, na usiwe na haraka.

Kwanza hewa kabla ya maji. Kama una pampu ndogo ya baiskeli yenye geji, tia hewa nusu bar, ziba, kaa nusu saa. Sindano ikishuka, tafuta inapovujia kwa povu la sabuni. Nusu bar, usizidishe, akriliki haipendi.

Pili, chomoa plagi kubwa ya pini 24 kutoka kwenye mazabodi, na nyaya zote za kadi na prosesa. Kitu pekee kinachopata umeme kiwe pampu. Kuwasha pawa saplai bila mazabodi unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, hesabu: pini namba 16 na 17. Fanya hivyo pawa saplai ikiwa imezimwa nyuma, ndipo uiwashe.

Tatu, kunja tishu nyeupe chini ya kila kiungo. Kila kimoja. Mimi nilikuwa na viungo kumi na vinne na tishu kumi na nne, nikaziandika namba kwa kalamu.

Jaza tangi, washa pampu sekunde tatu, zima kabla tangi halijakauka. Jaza tena. Pampu hizi za D5 zinalainishwa na maji yanayopita ndani yake, ukiizungusha kavu unaiua. Rudia mpaka tangi lisishuke tena. Halafu inua kesi upande, iegemeze, irudishe, igeuze upande mwingine. Utasikia hewa inakoroma ndani ya rejeta kama mtu anayekunywa kwa mrija mwisho wa glasi. Hiyo ndiyo unayoitaka itoke.

Iache izunguke saa 24. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya. Maji mapya yaliyotoneshwa hayapitishi umeme kirahisi, lakini yakishagusa vumbi la mazabodi yanapitisha, kwa hiyo ukikuta tone, kausha siku mbili kabla ya kuwasha chochote.

#15 Mchangiaji (Moshi)

Saa ya kumi na moja tangu nianze kuhesabu, tishu namba 6 imelowa kidogo, kama ukubwa wa shilingi mia. Kiungo cha juu ya kadi.

#16 Mleta uzi (Arusha)

Zima. Punguza maji mpaka yashuke chini ya kiungo hicho, kifungue, angalia oringi. Mara nyingi imejikunja au imebanwa na uchafu. Ipanguse, ilowanishe kwa maji, ikalishe kwenye mfereji wake kwa kidole, kaza kwa mkono mpaka ikamate, ongeza robo mzunguko tu. Usitumie spana. Unayeiponda oringi kwa spana ndiye unayevujisha.

#17 Mchangiaji (Moshi)

Ilikuwa imejikunja kweli, nusu ipo ndani nusu ipo nje. Nimeirudisha. Naanza kuhesabu upya.

#18 Mchangiaji (fundi rejeta)

Vizuri. Msiziamini oringi zilizoiva kwa jua, nunueni mpya.

#19 Mchangiaji (Moshi)

Wakuu, saa 26, tishu zote kavu. Jioni hii nimerudisha nyaya nikawasha. Chumba nyuzi 29, maji 40 baada ya kurenda saa nzima, kadi 57. Ilikuwa 84 wiki iliyopita. Feni sizisikii. Nasikia vyura nje ya nyumba, nilikuwa nimesahau kama wapo.

#20 Mleta uzi (Arusha)

Hongera sana mkuu, na salamu kwa mama. Bandika karatasi kwenye kesi uandike tarehe ya leo. Baada ya mwezi toa glasi moja kwa ile koki, uiangalie kwenye mwanga. Maji yakiwa safi rudisha kifuniko, yakiwa na wingu lete picha hapa.